Tufe Lililopakwa Mafuta ya Nazi

Siku Kitsao alipouingiza mkokoteni uani kwetu umejaa matufe, mimi nilikuwa napeta mchele, na nusura niumwage wote. Yalikuwa meusi, mengine ya buluu, mengine mekundu, makubwa kuliko dafu, na kila moja lilikuwa na matundu matatu ya kutilia vidole. Nikamwambia, "Wee Kitsao, wazimu umekupanda? Umetuletea nini nyumbani kwa watu?"

"Si mimi, Bi Hafidha," akasema, huku akijifuta jasho kwa fulana. "Ni Bi Kuluthumu. Amesema niyatangulize, yeye yuko nyuma, anakuja kuyaogesha."

Kuyaogesha! Nilimsikia vizuri. Nikacheka hadi ungo ukanitikisika mapajani, kisha nikanyamaza, kwa sababu niliijua maana yake, na haikuwa ya kuchekesha.

Kuluthumu ni wifi yangu, dadake Mahdi mume wangu. Kwao ni Siu, visiwani, na alikuja kwetu Malindi mumewe alipofariki, akapewa chumba cha upande wa kisimani, na toka hapo tumekaa nyumba moja, jiko moja, tukigombana kwa chumvi na kupatana kwa chai. Kazi aliyokuja nayo kutoka kwao ilikuwa moja: kuogesha. Mwanamke akijifungua hapa mtaani Shela, alikuwa anaitwa yeye. Atamkanda mzazi kwa maji moto, atamwogesha mtoto, atampaka mafuta ya nazi, atamnyoosha mikono na miguu na kumfinyafinya pua ipate kusimama, mpaka arubaini iishe. Ukipita mtaani na kuona vijana wenye vichwa vya mviringo vizuri, basi jua ni mikono ya Kuluthumu. Alikuwa akiwaona barabarani anawatazama visogo badala ya nyuso.

Halafu siku moja, nyumba moja ya mtaa wa pili, mtoto alimponyoka. Alikuwa amekwisha kupakwa, analainika kama siagi, akamteleza mikononi na kutumbukia katika beseni la maji. Hakuumia hata ukucha. Alilia, akatolewa, akanyonya, akalala, na leo ni mtu mzima ana duka lake. Lakini midomo ya watu, Mungu atuepushe! Kabla ya magharibi habari zilikuwa zimefika hadi sokoni kwamba Kuluthumu mikono imemwisha. Hakuna aliyemwambia usije. Hawakumwita tu. Mtoto anazaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, tunasikia vigelegele, na yeye ameketi kwenye kibago chake uani, mikono ameilaza mapajani, viganja juu, hana la kuifanyia. Nilikuwa siwezi kuitazama ile mikono. Nilikuwa namtuma dukani makusudi, ati biriani imekosa hiliki, na biriani yenyewe hatupiki.

Ndipo Anil alipofungua ukumbi wake. Anil ni mtoto wa marehemu Lakhamshi, yule aliyekuwa na duka la vitambaa, na miaka ile ya themanini, wazungu walipokuwa wanamiminika Malindi kama waliofunguliwa zizi, aliona apate lake. Akajenga ukumbi wa bolingi upande wa mahotelini. Baba yake aliwahi kuupenda mchezo huo alipokuwa akiishi Mombasa, na tufe lake alikuja nalo, akaliweka kabatini mpaka akafa. Mchezo wenyewe ni huu: kuna njia ndefu ya mbao, na mwisho wake vimesimamishwa vigingi vyeupe. Mtu anatia vidole kwenye tufe, anakimbia nalo hatua chache, analibingirisha likaviangushe. Kitsao, kijana wa kazi wa Anil, anavisimamisha. Yule anakuja tena anaviangusha. Basi, ndiyo hiyo, na watu wazima wanapiga makofi.

Kuluthumu alikwenda kule kufagia. Alirudi siku ya kwanza akaniambia, "Wifi, wana matufe yameumwa."

"Tufe linaumwaje?"

"Yamekunywa mafuta."

Akanieleza. Ile njia ya mbao hupakwa mafuta isichubuke, na tufe kila likipita linayabeba, mchana kutwa, mwezi baada ya mwezi, mpaka yanaliingia mwilini. Tufe likishashiba hivyo halishiki njia tena. Mchezaji anataka likate kona, lenyewe linateleza moja kwa moja likijiendea zake. Anil alikuwa anayafuta kwa matambara, wapi! Maji ya kule ni ya kisima cha ufukweni, chumvi tupu, sabuni haitoi povu hata ukilia. Sisi kisima chetu ni maji matamu. Ndiyo maana Kitsao akaja na mkokoteni.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipoanza kushikwa na mambo ambayo hayakuwa tabia yangu. Mimi si mtu wa kuota mchana. Mimi ni mtu wa kufua, kupika, na kumwuliza kila mtu alikuwa wapi. Lakini alasiri zile za matufe zilinilegeza.

Kuluthumu alikuwa anapasha maji yawe ya uvuguvugu, na anayajaribu kwa kiwiko. Anil alimwonya kwamba yakiwa ya moto sana tufe hupasuka, na maji yakiingia matunduni yatakaa humo ndani na kuliharibu. Kwa hiyo anakanda donge la unga wa ngano, anaziba matundu yote matatu, vile vile tunavyoziba kifuniko cha sufuria ya biriani mvuke usitoke. Kisha analiteremsha tufe ndani ya karai la maji ya sabuni, polepole, mkono mmoja chini, mmoja juu, na midomo inasema bismillahi. Halafu anangoja.

Huko kungoja ndiko kulikonimaliza. Ua wote umetulia. Jua limeegemea ukuta. Kuku amelala na jicho moja. Ndani ya karai mafuta yanaanza kujitoa kwenye tufe, nyuzi nyuzi, hayana haraka, yanapanda na kutanda juu ya maji rangi mbalimbali, zambarau, kijani, dhahabu, zinakwenda zikibadilika, na wewe unatazama mpaka hujui umetazama toka lini. Kuluthumu anayachota kwa kata, anamwaga, anatia maji mengine. Mara nyingine anaimba kwa puani wimbo ule wa kubembelezea watoto wa kwao Siu, usiokuwa na maneno mengi. Mimi najilaza mkekani ninyooshe mgongo kidogo tu, na nikishtuka, wallahi, muadhini anaadhini.

Siku moja niliota matufe yote yametoka uani kwetu yanabingirika vichochoroni mwa Shela, hayana kelele, buluu, mekundu, meusi, na kila moja likifika mlango wake linasimama, linafunguliwa, linaingia ndani. Nyumba zote zilikuwa zile ambamo Kuluthumu aliogesha watoto. Nilipoamka nilimsimulia. Hakucheka. Aliniuliza, "Yote yalifika?" Nikamwambia yote. Akasema alhamdulillahi, akaendelea kukausha.

Na mikono ile ikarudi kuwa mikono. Niliiona. Matufe mazito, yenye povu, yanateleza kama kambare, na hakuwahi kuangusha hata moja. Ila nani aliyejua zaidi yangu na kuku? Watu wa mtaani walipita wakachungulia wakasema, "Masikini Bi Kuluthumu, sasa anaogesha mipira." Niliwajibu maneno yaliyowastahili, sitayarudia hapa.

Kusi ilipoanza, binti yangu Mwanasiti akaja. Aliolewa Mariakani, mumewe ni mtu wa kiwanda cha maziwa, na alikuwa na mimba yake ya kwanza, imefika. Kwetu mimba ya kwanza huja kujifungulia kwa mama. Alipoingia, tumbo mbele, Kuluthumu alimtazama mara moja tu akasema, "Amekaa vizuri huyo." Kesho yake aliangua nazi, akakaa juu ya mbuzi akakuna, akachuja tui la kwanza, akalitia motoni na kulikoroga mpaka maji yakaisha na mafuta yakajitenga. Mafuta meupe, safi, ungeweza kuyanywa. Akayatia chupani na kuiweka chupa kwenye dirisha la chumba chake. Hakusema ni ya nani, na hakuna aliyeuliza. Jambo lile lilikuwa limetuning'inia nyumba nzima: mtoto huyu akizaliwa, ataogeshwa na nani? Kuluthumu asingeomba hata kwa kufa. Lakini mara ngapi nilimkuta ameishika ile chupa anaitazama juani!

Basi alasiri moja Mwanasiti alikuwa ameketi nami sebuleni, anamenya mbatata. Akaniuliza, "Mama, mtoto ataogeshwa na nani?"

"Na shangazi yako, na nani mwengine?"

Akaweka kisu chini. "Shangazi nampenda, mama, wewe wajua. Lakini mtoto wangu simpi. Akimponyoka? Nitafanya nini mimi? Nitamwambia nini baba yake?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikainua macho, na mlangoni pa uani amesimama Kuluthumu na tufe jeusi mikononi linachuruzika maji. Amesikia lote. Nilitaka ardhi ipasuke. Mwanasiti alijifunika uso kwa kanga.

Kuluthumu akasema, "Mwiteni Kahonzi. Ana mkono mzuri." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayetuagizia kuni. Akarudi kisimani.

Roho iliniuma nikataka kumzaba kofi mwanangu na tumbo lake lile. Wala sikumzaba, wala sikumkemea. Tuseme kweli tu: na mimi nilikuwa naogopa. Mjukuu wa kwanza, jamani. Nilimpenda wifi yangu na niliogopa, yote mawili, katika kifua kimoja. Kesho yake nilikwenda kwa Kahonzi, mwogeshaji aliyekuwa akiitwa siku hizo, nikamwambia ajiweke tayari.

Siku hiyo hiyo likaja tufe la Lakhamshi. Hilo halikuja mkokotenini na wenzake. Mjane wake, mama Chanchalben, alilifunga kwa kitambaa cha hariri akamkabidhi Kuluthumu mwenyewe. Anil alikuwa amealika wageni kutoka Mombasa, marafiki wa baba yake wa zamani, waje kushindana na watu wa Malindi, na yeye angefungua mchezo kwa tufe la marehemu. Lilikuwa rangi ya damu ya mzee, lina mawingu meupe ndani yake, zuri, lakini limejaa mafuta ya miaka. Kuluthumu alilitia na kulitoa karaini asubuhi nzima mpaka maji yakabaki maji.

Mimi nilipitiwa na usingizi baada ya adhuhuri. Kilichoniamsha ni harufu. Mafuta ya nazi, yamepata joto la mwili. Nilidhani bado naota, ama nimerudi miaka ile Mwanasiti mwenyewe alipokuwa mchanga. Nikafumbua jicho. Kuluthumu ameketi kibagoni, miguu ameinyoosha mbele, na tufe limelala juu ya miundi yake pale pale anapolazwa mtoto. Chupa iko pembeni, wazi. Anamimina kiganjani, anasugua viganja viwili vipate moto, na analipaka. Anazungusha kidole gumba kuzunguka kila tundu. Anaimba kwa puani.

"Wifi," nikasema taratibu, "unafanya nini?"

"Limepauka," akajibu bila kuinua uso. "Hebu litazame lilivyopauka. Tufe la marehemu wa watu, liende mbele ya wageni limepauka hivi? Watauliza liliogeshwa na nani."

Nikalitazama. Kweli, upande ambao hajaupaka ulikuwa mkavu, una vumbi jeupe kama magoti ya mtoto asiye na mama. Na upande aliopaka unang'ara. Mimi nawaambia na Mungu ni shahidi, niliona ni sawa kabisa. Kitu kikiogeshwa kinapakwa. Nani wa pwani hii angeacha? Nikamwambia, "Mashallah, sasa limetakata." Nikalala tena.

Chupa aliimaliza yote. Hilo nililiona baadaye, ilipokuwa imerudi dirishani tupu, na ndipo nilipoelewa alikuwa akifanya nini, nikakaa kitandani nikalia peke yangu.

Siku ya mchezo Kuluthumu alinikaribisha niende nitazame. Mwanasiti alibaki na miguu yake iliyovimba. Ukumbi ulipendeza, umepigwa rangi, feni zinazunguka, wageni wa Mombasa wamevaa viatu maalumu vya kuteleza. Mama Chanchalben amekaa mbele na sari yake nyeupe. Anil akasimama akasema maneno mawili matatu ya kumkumbuka baba yake, watu wakainamisha vichwa. Kitambaa cha hariri kikafunguliwa. Tufe likamemeta, watu wote wakasema aaah, na Kuluthumu, pale pembeni na ufagio wake, akatabasamu.

Anil akatia vidole. Akainua mkono. Tufe likamtoka, pwaa! likaanguka mbaoni na kubingirika zake hadi kwenye mfereji wa pembeni. Vigingi vikalitazama tu. Watu wakadhani ni majonzi ndiyo yaliyomlegeza mkono, wakanyamaza kwa heshima. Akaliokota tena. Likamponyoka tena kabla hata hajasimama wima. Mgeni mmoja mnene akasema, "Lete nikusaidie," akalikumbatia, nalo likamchomoka kwapani kama sabuni. Hapo watu wa Mombasa wakaangua kicheko.

Anil akatazama viganja vyake. Akavinusa. "Bi Kuluthumu!"

"Labeka."

"Umelifanya nini tufe la baba?"

"Nimelipaka, mwanangu. Lilikuwa limepauka."

"Mimi nilikwambia utoe mafuta!"

"Niliyatoa," akasema Kuluthumu, na alishangaa kweli kweli. "Yale machafu niliyatoa yote. Haya ni safi."

Nilitamani kujificha chini ya kiti. Anil alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na nilijua neno linalofuata litamfukuza. Mara tukasikia mtu anacheka kwa kwikwi, na ni mama Chanchalben, amejiziba mdomo kwa ncha ya sari, machozi yanamtoka. "Anil," akasema, "wewe kila siku mimi nilipaka hivi hivi. Baba yako pia kichwa chake nilipaka. Kwa nini yeye asipake?" Akajifuta macho. "Mpe tena aoshe. Utacheza nalo mwisho."

Basi ikaamuliwa hivyo. Waanze na matufe mengine, na la marehemu lifunge mchezo. Lakini Kitsao hakuweza kuondoka, vigingi vingesimamishwa na nani? Na tufe lenyewe halishikiki. Lilikuwa sakafuni, na wanaume wanne wamelizunguka kama wanaotazama nyoka.

Kuluthumu akaegemeza ufagio ukutani. Akachutama, akapitisha kiganja chini yake, akaliviringisha kidogo likapanda, likalala mkononi mwake, upande mmoja kwenye kiganja na uzito wote juu ya mkono hadi kwenye kiwiko, akalisogeza kifuani. Hakulibana hata kidogo. Akatoka nalo mlangoni.

Tulitembea kutoka mahotelini mpaka Shela, yeye mbele na mimi nyuma namkimbilia, na jua lile! Nilimwambia alifunge kwa kanga yangu, hakutaka. Nilimwambia litamwangukia mguuni. Akasema, "Halianguki. Kitu chenye mafuta ukikibana kinakuruka. Ukikikalisha, kinakaa."

Tukaenda kidogo. Mchanga ulikuwa umepata joto, na barabara ilikuwa kama haina mtu. Akasema tena, hakugeuka, "Yule mtoto nilimbana. Mlango uligongwa kwa kishindo, nikashtuka, nikambana kwa vidole. Mimi! Toka siku ile naufikiria mlango ule."

Miaka yote ile hakuwahi kuligusa jambo lile kwa mdomo wake. Nilimshika ncha ya buibui nikatembea hivyo hivyo nimeishika, mpaka nyumbani.

Mwanasiti alikuwa barazani anapunga upepo. Alimwona shangazi yake anakuja kwa mbali, mkono umekunjwa, kichwa kiko kiganjani, anatembea taratibu kwa hatua za mtu aliyebeba aliyelala. Niliona uso wa mwanangu ukibadilika. Akasimama na tumbo lake, akashika nguzo. Kuluthumu akampita na salamu tu, akaingia uani.

Maji yakapashwa. Kiwiko kikajaribu. Donge la unga likaziba matundu. Na sasa lilikuwa na mafuta na sabuni kwa pamoja, kitu kisichoshikika duniani, nalo likawa linageuzwa majini kutoka mkono huu hadi mkono huu, juu chini, chini juu, bila hata kugusa ukingo wa karai. Mwanasiti alikuja akakaa kwenye kibago cha upande wa pili. Mafuta yalianza kupanda, ya nazi safari hii, na ua wote ukanukia uchanga. Mimi nilikaa katikati yao nikatazama rangi zile zikitanda na kujikunja juani.

Likakauka. Limepauka. Kuluthumu akalitazama, akapumua, akaliacha vile vile. Akalirudisha. Kama Anil alishinda au alishindwa, mimi sijui, nilibaki nyumbani kupika.

Mwanasiti alijifungua hospitalini siku ya Ijumaa, salama salimini, mtoto wa kiume, Mahadhi, na asubuhi yake tukawa naye nyumbani. Kahonzi alikuwa amekwisha kufika na kifurushi chake, mwanamke mzuri, hana neno baya. Maji yako tayari. Mafuta yako tayari. Nilikuwa nimeyakamua mimi mwenyewe, baada ya yale ya kwanza kuishia kwenye tufe la watu. Uani nilisikia kwa-kwa-kwa, Kuluthumu anasugua karai ambalo lilikuwa safi toka jana.

Kahonzi akanyoosha mikono ampokee mtoto. Mwanasiti hakumtoa. Alimkumbatia akamtazama yule mama na kusema, "Uniwie radhi, mama. Wewe utanikanda mimi. Mtoto ana mwenyewe." Kisha akapaza sauti, "Shangazi!"

Karai likanyamaza.

"Shangazi Kuluthumu! Maji yanapoa!"

Akaja. Alisimama mlangoni anajifuta mikono kwa kanga, anaifuta na kuifuta, hajui aitazame sura ya nani. Kahonzi, Mungu ambariki, alijisogeza akampisha kibago. Kuluthumu akaketi. Akachovya kiwiko. Akanyoosha miguu, na Mwanasiti mwenyewe akainama na kumlaza mwanawe juu ya ile miundi.

Kuluthumu alikuwa amekwisha kwenda zake mbali, uso umetulia, maji yanatiririka kutoka kiganjani mwake kwenye kile kifua kidogo, shingoni, kwapani, nyuma ya masikio. Alimgeuza kifudifudi juu ya mkono na mtoto akaning'inia pale kama aliyezoea toka zamani. Wimbo wa puani ukaanza. Hata kulia hakulia, Mahadhi wetu, alifumbua macho tu akatazama dari.

Akamkausha. Akamlaza. Na ngozi ya mtoto mchanga ikishakauka huwa vile vile, nyeupenyeupe, imepauka. Kuluthumu akachukua chupa, akaifungua, akaiinamisha. Akasita. Mkono ukabaki hewani na chupa. Akatuinulia macho mmoja mmoja, mimi, Kahonzi, kisha Mwanasiti, na huyu ni mwanamke aliyepaka nusu ya Malindi.

"Nimpake?" akauliza, kwa sauti ndogo.

Mimi nilianza kulia, sioni haya. Mwanasiti akacheka na machozi yanamtoka.

"Mpake, shangazi. Huyo harudi ukumbini."

Akamimina.